Kumbukumbu za Likizo: Kipi Kibebwe, Kipi Kiachwe

Mwisho wa mwaka unapokaribia, shule zikafungwa na wafanyakazi wakapata ruhusa zao, njia zitokazo mji wa Busia kuelekea Masafu, Lumino na ufuko wa Majanji hujaa watu na mizigo. Wapo watokao Kampala na Jinja, na wapo wavukao mpaka kutoka Kisumu, Nairobi na Mombasa. Watu wa nchi za baridi huwa na majira yao ya joto ya kwenda kupumzika kandokando ya bahari. Kwa mwenyeji wa Busia au Tororo pumziko la mwaka ni kurudi kwa wazee: kula ugali wa wimbi uliosongwa kwenye chungu, kupunga upepo wa Ziwa Viktoria, na kusikiliza habari ambazo haziandikwi katika barua.

Wakati wa kwenda, mzigo hujulikana: sukari, sabuni, chumvi, mkate, na kanga ya bibi. Mzigo wa kurudi ndio wenye mashaka. Aghalabu hufungwa usiku wa mwisho kwa haraka, na kila mtu hutia alichokitamani. Siku chache baadaye chungu kimepasuka njiani, mkeka umeota ukungu nyuma ya kabati, na vipande vya mihogo vilivyofichwa chini ya nguo vimekwisha pandwa shambani bila mtu kuuliza vilitoka wapi. Kwa hiyo yafaa mama na baba wa nyumba wajue mapema kipi kinastahili kubebwa, kitatunzwaje, na kipi kiachwe kule kilikotoka.

Katika upande huu wa nchi jambo hili lina uzito wa pekee. Tarehe 1 Aprili 1902 jimbo la mashariki la Uganda ya wakati ule lilihamishiwa katika himaya ambayo baadaye iliitwa Kenya, na mstari wa mpaka ukaelezwa rasmi kwa amri ya mwaka 1926. Wasamia wakajikuta wako pande zote mbili, na Wateso vivyo hivyo. Mjomba akawa wa nchi hii na shangazi wa nchi ile. Tangu hapo kapu la karanga au kibuyu kinachovuka Busia huwa ni salamu ya ukoo uliogawanywa kwa mstari, wala si bidhaa tu.

CHUNGU NA MTUNGI

Katika vitu vyote vya kubeba, chungu ndicho kinachotamaniwa zaidi na ndicho kinachovunjika zaidi. Anayenunua achukue muda wake. Akigonge kwa kifundo cha kidole: chungu kizima hulia kwa sauti iliyo wazi, na chenye ufa hutoa sauti butu. Akitie maji na kukiacha kwa saa chache. Unyevu kidogo kwa nje si kasoro, lakini maji yakitona kwa mstari mmoja, ufa upo hata kama jicho halijauona.

Safarini chungu kijazwe majani makavu ya mgomba au nguo, kizungushiwe kanga, kisha kiwekwe kapuni mdomo ukiwa juu. Kisiwekwe chini ya mizigo ya basi. Mwenye chungu na akipakate.

Kikifika nyumbani kisipelekwe motoni siku ileile. Kioshwe kwa maji matupu bila sabuni, kwa maana udongo hunyonya sabuni na kuirudisha katika chakula. Kisha kipikiwe uji mzito wa wimbi au wa mahindi kwa moto mdogo, uji uachwe humo hadi upoe, ndipo umwagwe. Wanga wa uji huingia katika vitundu vidogo vya udongo na kuviziba. Kazi hiyo ikirudiwa mara mbili au tatu, chungu huwa tayari kwa maharage na kunde. Baada ya hapo sharti moja lisivunjwe: maji baridi yasitiwe katika chungu cha moto.

Mtungi wa maji ya kunywa ni kinyume chake. Huo hautakiwi kuzibwa, kwa kuwa ubaridi wake watokana na vitundu hivyohivyo. Maji kidogo hupenya hadi nje, upepo huyakausha, na katika kukauka huchukua joto la maji yaliyobaki ndani. Ndiyo sababu mtungi hukaa vyema penye kivuli na upepo, juu ya mchanga mbichi, wala si jikoni. Maji yatiwayo humo yawe yamechemshwa kwanza. Mtungi hupoza maji, hausafishi.

MKEKA NA KIBUYU

Mikeka ya mafunjo hutoka katika mabwawa ya nchi hii, na wanaoisuka wengi ni akina mama wanaolipia ada za watoto wao kwa kazi hiyo. Mgeni atokaye mjini na ainunue kwa msukaji mwenyewe, na asishindane mno juu ya bei. Mtu anayelipa bila ubishi bei iliyoandikwa dukani Nairobi au Kampala hana sababu ya kumbana mama aliyeingia matopeni hadi magotini, akakata, akaanika, akasuka.

Adui wa mkeka wa mafunjo ni unyevu. Usikunjwe ukiwa na umande, wala usitandikwe moja kwa moja juu ya saruji ambayo haijakauka. Kila baada ya wiki mbili utolewe nje, upigwe kwa fimbo nyembamba kuondoa vumbi, uanikwe saa moja au mbili, kisha ugeuzwe. Jua la mchana kutwa huukausha hadi ukakatika. Mkeka uliopindika hunyunyiziwa maji kidogo na kulazwa chini ya ubao hadi unyooke.

Kibuyu nacho huletwa na wengi, nacho huharibiwa na wengi kwa kutotayarishwa. Kinachofaa ni kile kilichokauka kabisa, ambacho mbegu zake hulia kikitikiswa. Hukatwa mdomo, mbegu hutolewa, kisha hutiwa maji moto na vijiwe vidogo na kutikiswa kwa nguvu ili nyama ya ndani ing'oke. Maji hayo humwagwa na mengine kutiwa, siku hata siku, hadi uchungu uishe. Nyumba nyingine hukitumia kwa maziwa, nyingine kwa mbegu, na nyingine hukitundika ukutani. Lililo muhimu ni kwamba kibuyu kinachotumiwa hudumu kuliko kinachotazamwa tu, kwa sababu mwenye nyumba hukiosha na kukiangalia.

CHAKULA CHA KUKUMBUKIA

Kumbukumbu nyingine huliwa. Wimbi ndilo lifaalo zaidi kwa safari. Punje zake ni ndogo mno kwa wadudu wengi wa ghalani, na likikaushwa vizuri hukaa miaka bila kuharibika. Ndiyo maana wazee waliliweka kama akiba ya njaa. Tena lina madini ya chokaa kuzidi nafaka nyingine zinazoliwa hapa, nayo ni faida kwa mifupa ya watoto na ya mama mjamzito. Libebwe likiwa nafaka, lisagwe nyumbani kidogo kidogo.

Dagaa wa Majanji, ambao Waganda huwaita mukene na Wajaluo omena, wachaguliwe kwa macho na kwa vidole. Walioanikwa juu ya nyavu au vichanja hung'aa kama fedha na hawana mchanga. Walioanikwa ufukweni chini hukwaruza meno hata wakioshwa mara tatu. Mkavu wa kweli huvunjika ukikunjwa. Nyumbani wakaangwe kidogo katika sufuria kavu, wapoe, ndipo watiwe katika chombo chenye kifuniko. Kwa upande wa samaki wakubwa, msafiri akumbuke kwamba sheria ya Uganda hairuhusu sangara wa chini ya inchi 20 wala sato wa chini ya inchi 11. Samaki mchanga aliyekaushwa ni kosa lilelile, hata akiitwa zawadi.

VITU VYA WAZEE

Sasa lipo jambo ambalo halizungumzwi sana. Mjukuu aliyesoma na kupata kazi mjini hurudi nyumbani, akakiona kigoda cha babu kilichong'aa kwa miaka ya kukaliwa, au jembe la kale lililochongoka kwa kulima. Rafiki zake mjini wana vitu vya namna hiyo sebuleni. Humwambia bibi, "Bibi, hiki ningependa nikiweke nyumbani kwangu." Bibi naye hujibu, "Chukua tu, mjukuu wangu." Kwa desturi ni vigumu kwake kujibu vinginevyo, kwa kuwa mtoto amesafiri mbali na ameleta sukari. Mjukuu akiisha kuondoka, bibi huketi juu ya gogo.

Majembe ya nchi hii yana historia yake. Vilima vya Samia vilikuwa na mawe ya chuma, na wahunzi wa huko waliyayeyusha kwa makaa na mivukuto, wakafua majembe yaliyouzwa kwa majirani hadi Busoga na kwa Wajaluo, na yaliyotolewa mahari. Majembe ya viwandani kutoka ng'ambo yalipoenea wakati wa ukoloni, matanuri yakazimika. Jembe la aina ile likiwa bado lipo katika nyumba ya mzee, huenda ndilo la mwisho katika ukoo mzima. Likipelekwa ghorofani mjini, hutundikwa mwaka mmoja, hupoteza jina la aliyelifua, na siku ya kuhama hutupwa pamoja na vyuma chakavu.

Kanuni ya heshima ni nyepesi. Kitu kinachotumiwa na mzee hakiombwi. Kitu cha ukoo hakitolewi na mtu mmoja, bali huulizwa mbele ya wenye ukoo, wakiwemo wale wanaobaki kijijini, ambao kwa kawaida ndio wanaowatunza wazee na ndio wasioulizwa. Anayekipenda kigoda cha babu na amtafute mchongaji, aagize kingine kwa mfano uleule. Hivyo babu atabaki na kigoda, mchongaji atapata kazi, na mjukuu atapata kumbukumbu. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Vivyo hivyo mgeni apitaye asimwondolee mwenyeji mbacha wake.

HATARI ILIYOFUNGWA KATIKA MZIGO

Hakuna zawadi inayotolewa kwa moyo mweupe zaidi kuliko mbegu. Shangazi huona muhogo wake umezaa vizuri, hukata vipande kumi, huvifunga kwa kamba ya mgomba, na kumpa mgeni akapande kwake. Hata hivyo ni zawadi hii ndiyo iwezayo kuangamiza shamba la kijiji kizima.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 ugonjwa mkali wa batobato ya muhogo ulizuka Uganda. Majani hukunjamana na kuwa na mabaka ya manjano, mmea hudumaa, na mizizi haijazi. Ugonjwa ulisambaa mwaka hata mwaka, ukafika Teso na mashariki yote, na katikati ya miaka ya 1990 ukawa umevuka kuingia magharibi mwa Kenya. Mahali pengi watu waliacha kupanda muhogo kabisa, na palipokuwa na akiba ya njaa pakawa na njaa yenyewe. Wabebaji wake walikuwa wawili: inzi weupe wadogo, na mikono ya watu waliochukua vipande vya shina kutoka shamba lenye ugonjwa. Muhogo ulirudi baada ya watafiti, wakiwemo wale wa Namulonge, kutoa aina zinazostahimili.

Baadaye ukaja ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ambao una hila zaidi. Mmea waweza kuonekana mzima kwa juu, na mwenye shamba asijue lolote hadi siku ya kuchimba, anapokuta mizizi imeoza kwa uozo mkavu wa kahawia. Shangazi aliyetoa shina hilo hakudanganya, kwani naye aliliona zima. Migomba nayo ina mnyauko unaoletwa na bakteria, uliogunduliwa Uganda mwaka 2001 katika wilaya ya Mukono. Chipukizi moja, au panga lililokata mgomba mgonjwa na kukata mzima bila kusafishwa, yatosha kuueneza.

Kwa hiyo vipande vya mihogo, machipukizi ya migomba na mishina ya viazi vitamu visibebwe kama kumbukumbu. Atakaye aina nzuri aulize jina lake, aliandike, kisha amwone bwana au bibi shamba wa kwao apatiwe mbegu iliyokaguliwa. Muhogo uliokaushwa na unga wake hauoti, na huo waweza kubebwa. Shangazi hataumia akielezwa sababu kwa upole. Huenda yeye mwenyewe alipitia mwaka ule wa batobato.

Hatari nyingine huokotwa na watoto. Wakiwa Majanji hupenda kukusanya konokono na makombe yao katika maji ya kina kifupi yenye majani. Kichocho huenezwa kupitia konokono wa maji baridi, na mtu huambukizwa kwa kuingia tu katika maji yenye vimelea hivyo. Watoto wakatazwe kuchezea sehemu hizo, na kombe litakalobebwa liwe lililookotwa nchi kavu, tupu, na kuchemshwa. Mtoto aliyekwisha kucheza majini apelekwe kupimwa wiki kadhaa baada ya kurudi, asingoje hadi akojoe au aharishe damu.

Ngozi, pembe na manyoya ya wanyama wa porini yaachwe kabisa. Korongo mwenye taji, aliye katika bendera ya Uganda, tangu mwaka 2012 amehesabiwa miongoni mwa ndege walio hatarini kutoweka duniani. Unyoya mmoja hauonekani kuwa kitu, lakini kila anayeununua humlipa mtegaji.

MPAKANI

Tangu tarehe 24 Februari 2018 Busia ina kituo rasmi cha pamoja cha mpakani, ambamo maofisa wa nchi zote mbili hukaa chini ya paa moja, na msafiri hukaguliwa upande anaoingia. Raia wa Uganda na Kenya huweza kuvuka kwa kitambulisho cha taifa. Vitu vya nyumbani kama chungu, mkeka na kibuyu havina matata, ilimradi vionyeshwe. Anayebeba vingi kwa nia ya kuuza asijifanye ni zawadi. Ipo hati nyepesi kwa wachuuzi wa bidhaa za Afrika Mashariki zilizomo katika orodha, zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, na kuitumia ni salama kuliko kupita njia za panya usiku. Mmea hai huhitaji hati ya afya ya mimea. Aidha, Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017. Abiria apangaye karanga zake katika mfuko wa namna hiyo atajitia matatani bure, hali kikapu kipo sokoni.

KISICHO NA UZITO

Nyumba ya kijijini ina mengi ya kufundisha ambayo hayachukui nafasi katika basi. Kichanja cha vyombo nje ya jiko, ambapo sahani hukaushwa na jua badala ya kitambaa kichafu, chaweza kujengwa hata katika ua mdogo wa mjini kwa mbao za masanduku. Uwanja uliofagiliwa asubuhi kabla ya chai hauhitaji fedha. Mboga za kienyeji ambazo bibi huchuma nyuma ya nyumba, kama mgagani na mchicha, hukua katika gunia la udongo karibu na mlango wa jiko, kwa mbegu zinazouzwa madukani.

Zaidi ya yote, bibi mwenyewe ni hazina. Watoto wakiwa likizoni wapewe daftari na kazi maalumu: kuandika majina ya wazee wa ukoo hadi yatakapokoma, namna ya kupika mboga fulani hatua kwa hatua, na maana ya majina yao wenyewe. Mwenye simu ya mkononi amwombe bibi ruhusa, kisha anase sauti yake akisimulia kwa lugha yake, Kisamia, Kigwe, Kiteso au Kidhopadhola. Picha ya Mwamba wa Tororo, ulioinuka mita 1,483 juu ya usawa wa bahari, ni nzuri na kila mtu anayo. Sauti ya bibi iko kwa bibi peke yake, na mwaka ujao huenda isiwepo.

Mzigo ukiisha kufunguliwa nyumbani, kila kitu kipewe kipande cha karatasi ngumu: jina la kitu kwa lugha ya kwao, aliyekitengeneza, kijiji, mwezi na mwaka. Karatasi itiwe ndani ya chungu, au ishonewe nyuma ya mkeka. Nakala ya sauti iwekwe mahali pawili, na nakala moja ipelekwe kijijini likizo ijayo, ili wajukuu waliobaki na bibi nao wawe nayo.